Mkata Kamba wa Kok-Bulak Anastaafu

Leo, tarehe mosi Septemba, Uulkan Sydykova anastaafu baada ya kuitumikia Chekechea ya Kok-Bulak kwa miaka arobaini na mmoja. Tarehe hii hakuichagua yeye. Imechaguliwa na Ofisi ya Makuzi ya wilaya, ambayo pia imeleta keki, imechapisha programu hii mliyoishika, na imeniomba mimi, Temirkul, mchochea moto wa boila, niandike wasifu mfupi wenye furaha. Ufupi nitajaribu.

Bwana Erkin wa ofisi hiyo aliusoma mwanzo wa karatasi zangu akatikisa kichwa. Akanikumbusha kwamba hasira ni hasara. Nilimjibu kuwa hasara tumeshaipata yote, hasira ndiyo iliyobaki, na hiyo si mali ya ofisi. Akanirudishia karatasi bila kufuta kitu, na kwa hilo namshukuru.

Uulkan eje, maana hapa hakuna asiyemwita eje, dada mkubwa, hata wale waliomzidi umri, alifika Kok-Bulak akitokea chuo cha walezi cha Naryn, msichana mwembamba mwenye sanduku la mbao na sauti ya mchunga farasi. Baba yake alikuwa mchungaji kweli, na yeye alikulia juu ya tandiko. Wiki ya kwanza alimtambua kila mtoto kwa kikohozi chake, akiwa nje ya mlango. Wiki ya pili alinijia kwenye boila kuniambia kwamba moto wangu ni wa kivivu. Tangu siku hiyo tumegombana kama ndugu wa tumbo moja.

Baridi ya mwaka ule mabomba yaliganda. Uulkan eje hakumpigia mtu simu. Aliwateremsha watoto wote kwenye chumba changu cha makaa, akawalaza juu ya koti langu na magunia, akawaimbia mpaka wakasinzia. Jioni akina mama walikuja wakakuta watoto weusi kama sufuria, wakapandisha hasira kweli kweli. Yeye akawaambia sabuni ni rahisi kuliko mapafu. Mwezi huohuo mkaguzi kutoka mkoani aliuliza kwa nini watoto wa chekechea hii wana kelele kiasi hiki. Akajibiwa kwamba mtoto wa kuogopa ni yule aliyenyamaza. Mkaguzi aliandika hilo kama kosa la nidhamu. Laiti angekuwa hai leo, ningemwonyesha.

Lakini sifa yake kubwa, iliyofanya watu waje kutoka mabonde mengine, ni kamba. Mtoto wetu akianza kusimama, tunamfunga vifundo vya miguu kwa kamba iliyosokotwa kwa sufu nyeusi na nyeupe. Nyeupe ni heri, nyeusi ni shida, na mtu hapewi moja bila nyingine. Mtoto anasimamishwa mwisho wa uwanja, watu wanatimua mbio kumwendea, na anayefika kwanza anaikata kamba kwa kisu kisha anamshika mtoto mkono na kutembea naye. Tunaamini mtoto atachukua tabia ya aliyemkata kamba. Ndiyo sababu wazazi walikuwa wanatunong'oneza sisi wakimbiaji wengine tujikongoje, ili Uulkan eje, viatu mkononi, afike wa kwanza. Nusu ya mji huu imekatwa kamba na mwanamke mmoja, na mkitaka kujua kwa nini Kok-Bulak ina wabishi wengi, jibu limeketi pale mbele limevaa kitambaa cha maua.

Mwaka wake wa tisa kazini, Wageni walikuja, wasio wa dunia hii.

Nitasema haki, kwa sababu wawili kati yao wameketi safu ya mbele, warefu, wapole, viatu wamevua mlangoni kama walivyofundishwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli tulipona. Kaka yangu aliacha pombe kwa siku moja bila kujua ameachaje. Mke wangu alirudishiwa macho. Vita viliisha, mipaka ikabaki kwenye ramani za shule, hospitali ya wilaya ikageuzwa ukumbi wa muziki. Chakula kilikuwa kinatufikia mezani kitamu na cha moto, na kondoo hachinjwi. Boila yangu ilizimwa, jengo likawa na joto lisilotoka popote, nami nikaachiwa cheo na koleo.

Hatukuuliza wanataka nini. Kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajala, na hawa hawakula kamwe, basi hatukuuliza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa wamekaa miaka thelathini na miwili, na jembe walilishika wao, wakatunyang'anya sisi. Tulichekelea. Mimi nilichekelea kuliko wote, nikilala hadi saa nne asubuhi.

Kisha ukaja mwongozo kuhusu kamba. Ofisi ya Makuzi, inayowasemea Wageni, ilieleza, kwa maneno ya upole sana, kwamba shida imekwisha duniani, kwa hiyo si vizuri kumfunga mtoto kwa uzi mweusi na kumwekea hofu. Iwe nyeupe tupu. Wazazi walifurahi, kamba nyeupe ilipendeza kwenye picha. Uulkan eje hakubishana. Alitia sufu nyeusi kwenye mfuko wa aproni, na kila aliposokota kamba ya mtoto aliingiza unyuzi mmoja mweusi ndani, katikati, pasipoonekana. Afisa mmoja aligundua. Tangu hapo kamba zilikuja zimesokotwa tayari kutoka ofisini, ndani ya bahasha.

Mtoto wa kwanza kufungwa kamba ya bahasha alikuwa Saikal, binti wa Erkin huyu. Wakati ule Erkin alikuwa fundi wa umeme, kijana mcheshi, na alimpenda yule mtoto mpaka tukamtania kwamba atamnyonyesha. Siku ya mbio tulikimbia kama kawaida. Hatujafika katikati ya uwanja, kamba ikafunguka yenyewe. Hakuna aliyeigusa. Ililegea, ikaanguka nyasini, na Saikal akaanza kutembea peke yake, moja kwa moja, bila kuyumba, bila kutazama nyuma.

Tulipiga makofi! Tukasema huyu atakuwa mtu mkubwa, miguu yake haikungoja kisu. Erkin alichinja kondoo, wa mwisho kuchinjwa hapa mjini, na tulikula mpaka usiku. Baada ya Saikal kamba zilianguka zenyewe kwa kila mtoto, na kila mara tulipiga makofi, tukashindana kamba ya nani imeanguka mapema. Mtoto anatuaga na sisi tunamshangilia. Uulkan eje peke yake hakupiga makofi. Alisimama katikati ya uwanja, viatu mkono mmoja, kisu mkono wa pili, na sikuelewa kwa nini uso wake ulikuwa vile.

Tulielewa walipofika umri wa miaka sita. Wananyamaza. Hawaumwi, hawana kinyongo, ila mama anaita na mtoto anamtazama kama anavyotazama dirisha. Wanaelewana wao kwa wao bila kufungua mdomo. Halafu asubuhi moja wanaondoka kwa miguu, wote kwa pamoja, wanapanda hadi malisho ya kiangazi ambako baba zetu walikuwa wanapeleka farasi, na huko wanasimama. Wako huko hadi leo. Baridi ikiingia akina mama hupanda na makoti. Wanawavalisha, wanafunga vifungo hadi shingoni, wanashuka wakilia. Wakirudi kesho yake wanakuta makoti yamelala kwenye theluji, yamekunjwa vizuri.

Wageni walitueleza kwa subira. Walisema hii si maradhi. Walisema binadamu anakua, kwamba watoto wetu wanaingia mahali ambapo lugha yetu haina jina lake, kwamba amani na shibe vyote vililetwa ili jambo hili litokee kwa utulivu. Walisema sisi ni ganda la yai, na ganda halina aibu. Nimeyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, ukumbini humu, na wakati yanasemwa kulikuwa na chai ya maziwa mezani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mtu aliyekuja mlangoni kwako, ukamkaribisha kwa mikono miwili, akakwambia wewe ni ganda, ungemfanyaje? Sisi tulimwongezea chai. Mpaka leo nikikumbuka chai ile natamani kuvunja birika.

Erkin, wa kwanza wetu kupoteza mtoto, ndiye aliyejiunga na Ofisi ya Makuzi. Nilimchukia kwa hilo miaka mingi. Siku hizi nadhani alihitaji mtu amhakikishie kila siku kwamba binti yake hakupotea bali amepanda cheo, na mahali pa kuhakikishiwa hivyo ni ofisini kwao tu.

Mimba zikakoma. Chekechea ikawa na vitanda vilivyotandikwa na walezi wanaokunywa chai. Wa mwisho kuzaliwa alikuwa mtoto wa Anipa, mshonaji wa mtaa wa juu, ambaye watoto wake wawili wa kwanza wako mlimani. Alimwita Toktosun, yaani na abaki. Ni jina la zamani, la nyumba ambamo watoto hawakai. Ofisi ilimshauri achague jina lenye matumaini zaidi. Anipa alifunga mlango.

Alimleta kwa Uulkan eje akiwa na mwaka na miezi, na hali ilikuwa mbaya kuliko kwa wote waliotangulia. Hakutembea wala kutambaa, kwa sababu hakuwa na haja. Alikuwa anaketi kwenye mkeka, na kikombe kinateleza mezani kinamfuata. Mpira unamfuata. Hakulia hata siku moja tangu azaliwe. Ofisi ilikuja kumtazama, ikafurahi mno, ikasema huyu ataondoka bila kungoja kutimiza sita. Miguu, walisema, hataihitaji.

Anipa alikaa kwenye benchi la viatu pale mlangoni akasema maneno machache tu: "Eje, wawili wamenipita kama upepo. Huyu nishikie."

Hiyo ndiyo kazi ya mwisho ya Uulkan eje, na ndiyo iliyomstaafisha.

Alianza na kurut. Vijana hamkumbuki, na vijana wenyewe hampo, lakini ni vidonge vya maziwa ya mgando vilivyokaushwa juani na chumvi, vigumu kama kokoto, vichachu kiasi cha kukunja masikio. Chakula cha Wageni hakina uchachu. Uulkan eje alikuwa bado na ng'ombe mmoja, mzee na mkorofi kama yeye. Alitengeneza kurut, akachukua kidonge kimoja, akakipitisha kwenye ulimi wa Toktosun.

Mtoto alikunja uso wote. Macho yakajaa. Kisha akalia.

Nilikuwa chini nafagia boila isiyo na jivu. Niliacha ufagio. Mpishi alitoka jikoni na mwiko. Walezi walitoka vyumbani, wengine wameshika ukuta, tukajaa mlangoni tukimsikiliza mtoto analia, kwa sababu kwa miaka hakuna hata mmoja wetu aliyesikia sauti ile. Mpishi akaanza kulia naye. Mimi sikulia, ila nilikaa chini. Na Toktosun, alipomaliza, akakitaka kidonge tena.

Akakivuta kwa ile njia yake. Uulkan eje akakifumba ngumini. Nimeuona mkono ule ukitetemeka, vifundo vyeupe, kana kwamba kuna mtu mzima anaunyofoa. Hakuachia. Akamwambia, kwa sauti ileile aliyonitukania moto wangu: "Unataka? Miguu unayo. Njoo uchukue."

Iliwachukua majira mawili ya mwaka. Kuna siku alirudi nyumbani na kiganja kimevimba. Kuna siku nilimwambia amwachie mtoto, basi, yaishe, naye hakunisemesha wiki nzima. Mwezi wa Juni Toktosun alisimama kwa kushika mguu wa kitanda. Mwezi wa Julai alipiga hatua, akaanguka, akapasua mdomo, akalia tena, nasi tukatazamana tukicheka kama wehu. Uulkan eje akatangaza mbio za kamba. Akasokota kamba mwenyewe, mezani, mbele ya kila mtu, nyeusi na nyeupe sawa kwa sawa.

Siku ya mbio, Erkin alifika na amri ya kuzuia. Alisimama kwenye mstari wa kuanzia amevaa suti yake ya ofisi. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema watoto wote, wa hapa na wa dunia nzima, wataondoka kabla ya theluji ya mwaka huu, na Wageni watakwenda nao. Akasema: "Eje, unajua unachomfanyia? Kila mtoto ataondoka, huyu atabaki. Hatakuwa na mwenzake. Atawazika nyinyi nyote, mmoja mmoja, halafu atabaki peke yake."

Nilimtazama Anipa, naye alikuwa anaitazama nyasi. Maana hilo sisi sote tulikuwa tumelifikiria, na hakuna aliyethubutu kulitamka.

Uulkan eje alikuwa anavua viatu. Alivua cha kwanza, akavua cha pili, akanyooka.

"Basi atatuzika," akasema. "Mtoto kumzika mzazi ndiyo desturi, Erkin. Nyinyi ndio mmetuzoesha kinyume. Kama kuna mwingine wa kubaki nitamtafuta, nguvu ninazo. Sasa toka kwenye mstari, au ukimbie."

Tukakimbia. Zamani vijana na watoto walikimbia pamoja nasi, safari hii tulikuwa wazee watupu: mpishi, dereva wa lori la zamani, walezi wanne wenye shinikizo la damu, na mimi na goti langu, ambalo Wageni walinipa nafasi ya kulitengeneza nikakataa kwa ubishi. Hakuna aliyeombwa ajikongoje. Mbele yetu Toktosun alikuwa amesimama kafungwa vifundo, Anipa kamshika mabega kisha akamwachia.

Tulipofika katikati ya uwanja, kamba ikacheza.

Niliiona. Ncha moja iliinuka nyasini kama inayonusa. Tulisimama wote, pumzi zimekatika, tukiwa palepale tulipokuwa tumesimama kumshangilia Saikal. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Ni Uulkan eje tu ambaye hakusimama. Aliendelea kuja, mbio za mwanamke wa miaka sitini na mitatu, kisu mkononi, akihema kama punda wa makaa.

Toktosun aliitazama kamba. Akamtazama yule bibi anayekuja. Kisha akainama, akaikamata kamba kwa viganja vyote viwili, akaikandamiza kwenye vifundo vyake. Ikatulia. Akainua uso akangoja.

Alimngoja! Mtoto ambaye kikombe kinamfuata alisimama palepale akamngoja bibi kizee afike kwa miguu yake. Uulkan eje alipiga magoti, akaikata, akamshika mkono, wakatembea. Mtoto alipoanguka alilia. Nyuma yangu nilisikia mtu mwingine analia, nikageuka. Alikuwa Erkin, katikati ya uwanja, suti imechafuka magotini. Sijui alianza kukimbia saa ngapi. Alikuwa wa mwisho kabisa.

Wiki ileile Wageni walimchunguza Toktosun, wakasema kwa masikitiko kwamba amechelewa, hawezi tena kwenda. Wiki iliyofuata ikaja barua ya shukrani kwa Uulkan Sydykova, ikieleza kuwa chekechea inafungwa kwa kukosa watoto wanaohitaji malezi, na kwamba sasa anaweza kupumzika. Kukosa watoto! Mmoja yuko chini ya meza ya keki wakati huu ninaposoma, anavuta kitambaa, na namwomba mama yake asimzuie.

Wageni wetu wa safu ya mbele, sijui kama hasira mnaielewa. Mtaondoka na wa kwetu, nasi hatuna la kuwafanya. Tulichoweza kuwafanya ni hicho kilichoko chini ya meza. Chakula chenu mtaondoka nacho pia, kwa hiyo makaa nimeshaagiza, na boila itawaka Jumatatu. Chekechea imefungwa kwenye karatasi zenu, funguo za mlango ninazo mimi.

Uulkan eje, wafanyakazi wenzako tumekushonea vazi hili la sufu, Anipa ndiye aliyeshika sindano. Ukigeuza ndani utaona uzi wake: mweusi na mweupe. Ahsante kwa kila mtoto uliyemkata kamba, na kwa wale waliokunyima nafasi hiyo, uliowakimbilia hata hivyo. Ahsante kwa matusi yote kuhusu moto wangu, yalikuwa ya kweli.

Ofisi imekutakia mapumziko mema, sisi hatukutakii. Tunakutakia uzee mrefu wenye kelele, mtoto wa kukusumbua asubuhi hadi jioni, na kurut ya kutosha. Na siku yako ikifika, Toktosun akubebe, akuzike kwa mikono yake, na alie.